Viti Vitoke Ukumbini, La Sivyo Siji

Kwa Mwalimu Mkuu, ndugu yangu Kimbunga,

Salamu nyingi na heshima zako zote. Mimi ni mzima na nimesimama. Barua hii naiandikia juu ya kabati la vyombo kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu, kwa hiyo ukiona hati imepinda jua ni kabati.

Kadi ya sherehe yako ya kustaafu nimeipata. Inasema Jumamosi nimewekewa kiti cha mbele chenye jina langu. Kiti, Kimbunga? Mimi Nguzo? Nimesoma mara mbili nikidhani ni macho. Nina malalamiko.

1. Umesahau kiapo. Enzi zile kila ofisi tuliyoingia kuomba kazi tuliambiwa kaa hapo usubiri. Tulikaa mpaka suruali zikang'aa matakoni. Ndipo tukaapa kule nyuma ya sinema, sisi Vijana Wima, kwamba hatukalii kiti tena mpaka tufe. Tukala wima, tukacheza dansi wima, wewe ukaoa wima huku mama mkwe anakubembeleza angalau uegemee. Na wewe ndiye uliyelipiga teke benchi la kwanza! Leo una kiti kinachozunguka. Nilikuona dirishani unajizungusha huku na huku, na hakuna aliyekulazimisha.

2. Mwiba naye. Yule aliyewahi kulala amesimama mlangoni mwa dansi akishindana na mimi (nilimshinda) leo ni seremala, anatengeneza masofa. Nilipokwenda kumuuliza aibu yake iko wapi, akanijibu kaka Nguzo, hebu jaribu hili, lina sponji nene. Sponji!

3. Mmeniachia kazi yote peke yangu. Kinyozi ananinyoa akiwa amepanda kreti. Daktari wa meno alinichungulia kinywani kama anayetafuta panya darini. Shemeji yako anasema nakula kama farasi, na wageni wakiniona wima wanadhani nawafukuza, wanaaga chai ikiwa bado ya moto. Vijana kituoni wananiambia babu, kaa. Nawaambia kaeni nyinyi, sisi umri wenu hatukuwa na magoti, tulikuwa na vyuma! Wanacheka. Hawajui wanaongea na nani.

4. Ukikaa wewe, na Mwiba naye akakaa, halafu mimi nikasimama mbele peke yangu, watu watadhani ni mpiga picha.

Kwa hiyo naomba viti vyote vitolewe. Mabenchi pia. Stuli za jikoni zifichwe, maana Mwiba namjua. Ndoo zijazwe maji pomoni, najua watu wanavyozitumia. Vyoo vya kukalia vifungwe, wageni wajibane, ni siku moja tu. Hotuba isikilizwe wima na keki iliwe wima. Ukikataa siji, na nisipokuja nani atawaambia watu kwamba ulikuwa moto? Wanafunzi wako wanaijua miwani tu. Shahidi nimebaki mimi.

Nisalimie shemeji, watoto, walimu wote mpaka wa hesabu, na mlinzi wa geti, ambaye angalau anasimama, ingawa nimemwona akisinzia.

Ni mimi ndugu yako nisiyepinda goti,
Nguzo wa Vijana Wima

Tanbihi: Utaona kuanzia lalamiko la pili hati imenyooka. Nimekalia ndoo. Ndoo si kiti. Mwambie Mwiba lile sofa alipitishe mlango wa nyuma, shemeji yako atalipokea, majirani wasione. Na hicho kiti changu cha Jumamosi kisiwe cha plastiki, kiwe na mikono ya kushikia, na kiwe ubavuni pako kabisa, maana nikishakaa siinuki mpaka nivutwe, na wa kunivuta nataka uwe wewe.