Nukta Iliyoingia Pambizoni

Acheni sufuria zenu, enyi mnaosonga na mnaochochea! Tegeni masikio niwasimulie vita vya Jumamosi, alipoinuka Mama Rula, Jemadari wa Penseli, kwenda kuweka nukta moja.

Kila mwezi shujaa huyo alichora, kwenye karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani jikoni, kiwango cha deni la pambizo, yaani fedha ambazo watu hukopa kwa madalali wakanunulie hisa, hisa zenyewe zikikaa rehani. Na asubuhi hiyo mumewe, fundi saa, Simba wa Skrubu Ndogo, aliketi mezani na fomu ya mkopo huohuo, kalamu wazi, tayari kuweka rehani hisa zote za karo ya binti yao.

"Baba Watoto, usitie sahihi. Ngoja nukta."

"Ngoja nini? Pambizo ni pale pembeni mwalimu anapoandika 'vizuri'. Kitu cha pembeni ndicho kinakutoa jasho?"

"Bei ikishuka, dalali anaziuza hisa zako bila kupiga hodi. Hapo ndipo utajua nani yuko pembeni."

Akasoma tarakimu gazetini, akapanda kigoda kama apandaye farasi wa vita, rula kiunoni. Penseli ikapaa! Ikaipita nukta ya mwezi uliopita, ikaipita hata ile ya mwaka ule soko lilipoporomoka, ikagonga mstari wa juu kabisa, na nukta bado haijapata pa kukaa. Miraba ilikuwa imekwisha.

"Si ubadilishe kipimo," fundi akasema, sauti imemshuka.

"Sibadilishi. Nikibana miraba ndipo deni litapungua?"

Akaiweka nukta juu ya miraba yote, kwenye ukingo mweupe wa karatasi.

"Haya, bwana. Deni la pambizo limefika pambizoni. Njoo uandike 'vizuri'."

Fundi akaikodolea macho nukta ile, ndogo kuliko skrubu zake zote. Akaichana fomu mara mbili, mara nne.

Binti akachungulia mlangoni, mswaki mdomoni. "Baba, karo yangu ipo au haipo?"

"Ipo. Mama yako ameshatia nukta."

Na ijulikane vizazi kwa vizazi: siku hiyo, kabla ya chai, majeshi ya madalali yalirudishwa nyuma na mwanamke mmoja juu ya kigoda, naye akashuka taratibu, kwa kuwa kilikuwa na mguu mbovu.