Taa Saba Juu ya Mashamba ya Chumvi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Saa moja na nusu usiku nimeona taa tatu nyekundu angani, juu ya mashamba ya chumvi. Zilitulia kidogo, kisha zikaelekea baharini. Mke wangu Raya naye kaziona. Bahati imenijia. Ijumaa mwenyekiti wa mtaa, Bi Sihaba, anateua kamanda wa ulinzi shirikishi: ama mimi, ama jirani yangu Mikidadi, ambaye anashinda barazani akisikiliza redio. Nimepiga simu jeshini. Taa tatu nikaona ni chache kwa jeshi. Nimesema saba.

Jumanne, 10 Juni
Wamekuja kweli. Kapteni Klementina na dereva wake, gari la kijani mlangoni kwangu. Nimevaa koti la harusi. Kapteni kaandika yote: taa saba, zimejipanga kama shanga. Kesho atawahoji majirani, na Raya pia. Jioni nimemfundisha Raya: saba, mke wangu, saba. Kaendelea kukuna nazi.

Jumatano, 11 Juni
Raya kaulizwa kaona taa ngapi. Kajibu, "Mume wangu kaniambia niseme saba."
Kapteni kauliza, na yeye mwenyewe je?
"Tatu, afande."
Nilikuwa nyuma ya pazia. Nimebaki hapo mpaka gari likaondoka. Nimemlalamikia Raya. Kasema hawezi kumdanganya mgeni aliyekunywa chai yake.

Alhamisi, 12 Juni
Zilikuwa droni tatu za wapima ardhi. Wana kibali, ila mtaa haukuarifiwa. Mikidadi aliandika saa, idadi na upande zilikoelekea. Karatasi yake ndiyo iliyowafikisha kwa wapimaji. Kapteni kampa mkono mbele ya Bi Sihaba. Mimi kaniambia taratibu, "Mzee Muzammil, tatu zilitosha." Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 13 Juni
Mikidadi kateuliwa. Kapewa filimbi na reflekta. Kaja kwangu, kaniomba niwe msaidizi wake. Nimemjibu nitafikiria. Nilishakubali moyoni kabla hajakaa.

Jumamosi, 14 Juni
Zamu yangu ya kwanza. Alfajiri nimekuta nyayo za kiboko mmoja karibu na mikoko. Mikidadi kaenda sokoni, hivyo nimewapigia watu wa wanyamapori mwenyewe. Kiboko mmoja, nani atatoka ofisini? Nimesema sita, na mmoja ana mimba. Wanakuja Jumatatu. Raya kasema Jumatatu atakuwa kwa dada yake, Msata.
Vizuri. Sitahitaji kumfundisha.