Shokapu Iliyovaa Soksi

Bwana Laini alimsikia mteja kabla hajamwona. Pikipiki ilivuka mtaro wa mwisho wa uchochoro, ikatua kwa kishindo, gwaa, na sauti ya mwenyewe ikafuata nyuma: "Uwii, mgongo wangu!" Bwana Laini alikuwa amejilaza chini ya turubai akingoja riziki. Aliinuka, akajipangusa vumbi na kuvaa tabasamu. Kuna watu hufurahishwa na muziki. Yeye alifurahishwa na mgongo unaouma, hasa mgongo wenye uwezo.

Alijiita mtaalamu wa kuboresha shokapu, vile vyuma vya kupunguza mtikisiko, za pikipiki za safari. Gereji yake ilikuwa uani, nyuma ya chumba cha dada yake mshonaji, na wateja wake walikuwa waheshimiwa walionunua yale mapikipiki marefu yenye masanduku ubavuni, yaliyotengenezwa kuvuka mito na majabali, ambayo mpaka siku hiyo yalikuwa yamevuka maegesho ya magari tu. Mtu wa namna hiyo huwa na hofu moja moyoni, kwamba wenzake wana kitu ambacho yeye hana. Bwana Laini alikuwa akiinama, anaitazama shokapu ya nyuma, halafu anatikisa kichwa kwa majonzi.

"Hii ya kiwandani, kaka, ni ya kusambazia mikate. Porini itakuaibisha."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Kwanza alijaza tairi upepo mpaka zikawa gogo, akampitisha mteja kwenye kokoto ili meno yagongane vizuri. Mteja akishaondoka, aliifungua shokapu ileile, akaiosha, akaipaka rangi ya manjano iliyobaki dada yake alipopaka mlango wa duka. Ubavuni aliifungia kopo tupu la dawa ya mbu, nalo limepakwa manjano, likaitwa mtungi wa gesi. Mwisho alipunguza upepo wa tairi. Mteja akirudi na kupita kwenye kokoto zilezile, alishuka macho yamemtoka. "Aisee! Kama godoro!" Na tumtendee haki Bwana Laini, kweli ilikuwa kama godoro, kwa sababu tairi ilikuwa karibu kulala.

Shokapu ya kweli aliijua vizuri sana, maana alikuwa nayo moja. Ilikuwa kwenye pikipiki yake mwenyewe. Aliuza kitanda na televisheni akainunua, na tangu hapo alilala kwenye mkeka bila kujuta. Kila Jumapili aliipeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, akaruka mashimo huku akicheka peke yake. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa na uongo ndani yake, na alikipenda kwa moyo wote.

Sasa mwenye mgongo aliingia uani. Alikuwa mama wa makamo mwenye koti la mvua na mabuti, na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake wasukume. Pikipiki yake ilikuwa ya aina ileile kama ya Bwana Laini.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mkunga. Nimehamishiwa zahanati ya huko juu milimani, na njia yenyewe mawe matupu. Napakia dawa za chupa hapa mjini, nikifika huko napakua vigae. Juzi mama mmoja amejifungua sina hata tone la dawa ya kumzuia damu. Kapona kwa bahati tu. Sitaki tena."

"Pole sana, mama. Ngoja niitazame."

Bwana Laini aliinama akiwa ameshaandaa majonzi yake. Majonzi yakamkwama kooni. Shokapu ya mkunga ilikuwa imevaa soksi, soksi nyeusi ya kitambaa kizito yenye zipu, kama zile wanazovisha mabingwa wa mashindano ili tope lisiingie. Juu ya soksi palikuwa na nembo nyekundu yenye maandishi ya nchi fulani ya mbali, na hakuna herufi hata moja aliyoitambua. Kwa miaka mingi alikuwa amewadanganya watu juu ya vitu kama hivyo. Leo kimoja kimekuja chenyewe.

"Hii umeipata wapi, mama?"

"Pikipiki alikuwa nayo mdogo wangu, mwenye duka la dawa. Kaanguka nayo mtaroni, kaniachia. Anasema shokapu ni ya mashindano, ina thamani sijui ya nini. Mimi naiona ngumu tu. Ukishaitoa, itupe."

"Usitupe!" Bwana Laini alipaza sauti mpaka cherehani ya dada yake ikasimama. Akashusha pumzi. "Yaani... vyuma hivi vikitupwa ovyo, mama, vinaharibu mazingira."

"Kumbe unajali mazingira."

"Sana."

"Basi tubadilishane. Wewe baki na hii, mimi nifungie mpya ya porini, tusidaiane. Ila naijaribu mwenyewe." Mkunga alifungua sanduku la pikipiki akatoa trei ya mayai. "Nitapita nayo kwenye kokoto. Likivunjika hata moja, biashara hakuna. Na upepo wa tairi napima mwenyewe." Akatoa mfukoni kipimo cha upepo, akakipuliza vumbi.

Mwenye akili angejiuliza mkunga anatembeaje na kipimo cha upepo. Lakini tamaa ilikuwa imeshamziba Bwana Laini masikio yote mawili. Aliingia dukani kwa dada yake kuwaza, akapita mbio katikati ya wanawake waliokuwa wakipimwa magauni.

"Umepata mtu?" dada yake aliuliza bila kuinua macho.

"Nimepata mgodi, dada."

Mpango ulimjia palepale. Kopo la dawa ya mbu haliwezi kulinda mayai, hilo lilikuwa wazi. Basi angemfungia mkunga shokapu yake ya kweli, kwa muda wa majaribio tu. Mayai yakipona, angemwambia aiache pikipiki mpaka kesho ili mafuta ya ndani yatulie, na usiku angeirudisha yake na kumtafutia kuukuu yoyote ya kupaka manjano. Ya mashindano ingebaki kwake. Ulikuwa mpango mzuri kiasi kwamba alijipigapiga begani.

Aliing'oa shokapu pamoja na soksi yake kwenye pikipiki ya mkunga, bila hata kushusha zipu, akaenda kuificha haraka uvunguni mwa meza ya kukatia vitambaa kabla mama hajabadili mawazo. Kisha akafungua ya kwake. Aliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayemwazima jirani mtoto. Aliifunga, akakaza nati, akaita watu wote watoke nje washuhudie.

"Mpya kabisa!" alitangaza. "Imetoka kwenye boksi leo asubuhi. Naapa mbele ya dada yangu, na mbele ya mama zangu hawa."

"Jamani, mmesikia?" mkunga aliwauliza.

"Tumesikia!" waliitikia wanawake, mmoja akiwa bado na pini za fundi begani.

Mkunga alipima upepo, akafunga trei kwenye kiti cha nyuma, akaondoka. Alipita kwenye kokoto, akapita mtaroni, akageuka na kupita tena kwa kasi zaidi. Aliporudi trei ilifunguliwa mbele ya wote. Mayai yalikuwa mazima, yanang'aa. Watu walipiga makofi, na Bwana Laini, Mungu amsamehe, aliona fahari.

"Sasa mama, iache hapa mpaka kesho, mafuta ya ndani yatu..."

Simu ya mkunga iliita. "Eh? Uchungu umeanza? Mwambie atembeetembee, nakuja." Alimkabidhi Bwana Laini trei ya mayai, akavaa kofia ya pikipiki. "Mafuta yatatulia njiani, mwanangu. Asante sana!"

Pikipiki ilivuka mtaro bila kishindo chochote. Bwana Laini alibaki amekumbatia mayai.

Alijifariji. Ile aliyopata ilikuwa bora mara nyingi kuliko iliyokwenda. Aliivuta kutoka uvunguni, akashusha zipu taratibu, kwa heshima. Ndani palikuwa na manjano. Aliitazama ile manjano, akautazama mlango wa duka, akaitazama tena. Ubavuni, kopo la dawa ya mbu lilikuwa limeanza kuota kutu.

"Dada," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Hii ni kazi ya mkono wangu."

Dada yake alichungulia. "Kazi yako ni hiyo ya ndani. Soksi ni kazi ya mkono wangu."

"Umeishona wewe?"

"Huyo mama alikuja wiki iliyopita na vipimo vyake. Akachagua kitambaa, akaulizia na hiyo unayorukia machimboni, akalipa vizuri."

"Na hukuniambia!"

"Wewe ulipochukua rangi ya mlango wangu uliniambia? Lete hayo mayai, yataanguka."

Asubuhi yake Bwana Laini aliifunga shokapu ya manjano kwenye pikipiki yake, maana hakuwa na nyingine, akapanda kuelekea milimani. Tusimcheke sana. Aliumia. Kila jiwe lilipita kwenye tairi, likapita kwenye chuma, likamfikia kiunoni likiwa bado jiwe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionja kile alichokuwa anawauzia wenzake. Kopo la dawa ya mbu lilidondoka kwenye kona ya kwanza, na hakurudi kuliokota.

Kwenye zahanati, akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto mapajani. Kwenye rafu, chupa za dawa zilikuwa zimepangwa zote, hakuna hata moja yenye ufa. Chini ya dirisha ilisimama pikipiki ya mkunga, na shokapu yake mpenzi ilikuwa pale, ina tope. Bwana Laini alitaka kulia.

"Fundi! Karibu," mkunga alisema. "Yule wa jana ni msichana, kilo za kutosha. Umekuja kumwona?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuhusu shokapu."

"Ina kasoro?"

"Haina! Ila kuna... mkanganyiko. Ile ni yangu."

"Yako vipi? Si uliapa ni mpya, imetoka kwenye boksi?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa akipanga dawa aligeuka. Alikuwa na kovu jipya puani, na Bwana Laini alimtambua mara moja: mwenye duka la dawa, yule aliyesema kama godoro.

"Sema tu, fundi," alisema kwa upole. "Kama ulimfungia dada yangu shokapu iliyotumika, ukaapia mpya, sema kwa sauti tukusikie. Akina mama hawa wana waume wenye pikipiki."

Mabenchi yote yaligeuka kumtazama. Hata watoto waliacha kunyonya.

"Basi turudishiane tu," Bwana Laini aliomba. "Mama achukue ile yake ya mashindano."

"Kwani ya mashindano ina ubaya gani?" mkunga aliuliza.

Bwana Laini alifungua kinywa. Maneno, ambayo hayakuwahi kumtupa tangu alipoota meno, yalimtupa yote kwa pamoja. Ili auseme ubaya wake, ilibidi amtaje aliyeitengeneza. Alizitazama zile chupa, akawatazama wale mama, akaitazama shokapu yake kwa mara ya mwisho.

"Haina ubaya," alisema.

"Alhamdulillahi," mkunga alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Bwana Laini alitoka nje akitembea kama mzee, akapanda pikipiki na kuiwasha. Kabla hajaondoka, alihisi uzito nyuma yake. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshapanda, chini yake ameweka mto mnene wa zahanati.

"Nami narudi mjini," alisema, akajiweka sawa juu ya mto. "Twende, fundi. Na usikwepe jiwe hata moja."