Vipande Vitatu vya Nywila

Kila siku saa tatu asubuhi, Vyeti alikuwa akiingia kwenye duka la steshenari kuchapisha utaalamu wake wa siku hiyo. Jumatatu alikuwa mpima ardhi. Jumanne alikuwa bingwa wa lishe ya ng'ombe, ingawa ng'ombe aliowafahamu yeye walikuwa wameshaiva. Jumatano ile alikuja kuwa mtaalamu wa nyuki. Mwenye duka, dada asiyeuliza maswali, alikuwa akitafuta picha nzuri ya mzinga pale mlango uliposukumwa kwa kishindo.

Aliingia mama wa makamo, tepu ya kupimia shingoni, kibodi ya kompyuta kwapani.

"Jamani, kompyuta yetu imevamiwa!" alisema akihema. "Imeandika yenyewe, kwa herufi nyekundu. Hii nimeing'oa kabla hawajaifikia."

Alikuwa Mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, jengo la ng'ambo ya barabara. Chama kilikuwa na cherehani tisa, kazi ya sare za shule tatu, na akiba ya miaka sita iliyokuwa benki na kuendeshwa kwa kompyuta hiyohiyo. Yote hayo aliyaeleza mwenyewe, mbele ya mtu asiyemjua, kabla hajapewa hata kiti.

Vyeti aliinama juu ya kaunta. "Futa nyuki," alimnong'oneza mwenye duka. "Andika mshauri wa usalama wa mitandao."

"Aliyeidhinishwa?"

"Aliyeidhinishwa. Na muhuri."

"Wa bluu au mwekundu?"

"Weka yote miwili. Hali ni mbaya."

Walipovuka barabara hadi ofisi ya chama, uvamizi wenyewe ulikuwa tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Vyeti angeweza kulifunga kwa kidole kimoja, lakini utaalamu una heshima zake. Alivua koti, akaomba watu wanyamaze, akaipapasa kompyuta kama mtoto mwenye homa. Baada ya dakika arobaini akatangaza kwamba wadukuzi wamerudi nyuma, ila hawajaenda mbali.

"Wako wapi?" aliuliza Babu Vifungo, akichungulia dirishani. Huyu alikuwa fundi mzee kuliko wote, na katika chama kile hakushona kitu ila vifungo.

"Mtandaoni, babu."

"Basi wako hapa hapa. Si waya wake ndio huu?"

Mpango wa Vyeti ulikuwa mfupi: apewe nywila ya akaunti, ahamishe akiba, apande basi. Siku mbili zingetosha. Lakini Mwenyekiti alikuwa fundi, na hakuwa na desturi ya kumwachia mtu kitambaa kabla hajauona mkono wake.

"Tufundishe kwanza wiki moja," alisema. "Tukikuelewa, tutakukabidhi kila kitu."

Hivyo Vyeti, ambaye maishani mwake hakuwahi kumfundisha mtu jambo la kweli, ikabidi asome. Alijifungia kwenye choo cha chama, akasikiliza kwenye simu masomo ya washauri wa kweli, kisha akatoka na kuyasema kama yake. Msifungue kiungo msichokijua. Wekeni nakala mahali pengine. Nywila asiijue mtu mmoja peke yake. Mafundi waliyaandika yote kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Siku ya nne aliwawekea hata king'ora: mtu akikosea nywila mara tatu, akaunti inajifunga na simu ya Mwenyekiti inapiga kelele. Walimpigia makofi. Vyeti alihisi kitu cha moto kifuani, akadhani ni kiungulia.

"Mshauri anaumwa na hasemi," alisema Katibu. "Anashinda chooni."

Katibu alikuwa binti wa kaka yake Mwenyekiti, mwenye sauti nyembamba kama uzi namba hamsini. Ile ilikuwa kazi yake ya kwanza, na nyumbani kwao hakuwepo mwingine mwenye kazi. Kila siku alimletea Vyeti kikombe cha maji moto ya tangawizi, akakiweka mlangoni pa choo na kukimbia kwa aibu.

Wiki ilipoisha, Vyeti alinyoosha tai. "Sasa nipeni nywila niipime nguvu."

Mafundi wakatazamana.

"Lakini ulisema asiijue mtu mmoja," alisema Katibu. "Kwa hiyo tumeikata."

"Mmeikata?"

"Vipande vitatu. Kimoja ninacho mimi, kimoja shangazi, kimoja Babu. Kila asubuhi tunaviunganisha hapa mezani."

Vyeti alitaka kulia. Hakuna adhabu kama wanafunzi wanaosikiliza. "Vizuri sana," alisema. "Basi kila mmoja aninong'oneze chake. Huu ni ukaguzi, na mkaguzi hahesabiwi kuwa mtu."

Wakapanga foleni, wakamnong'oneza. Babu Vifungo alichukua muda mrefu, maana alianza na habari za magoti yake.

Mchana huo Vyeti alikodi kompyuta pale steshenari, tiketi ya basi la saa tisa ikiwa mfukoni. Aliandika vipande vyote vitatu. Vikakataliwa. Akabadili mpangilio. Vikakataliwa. Akajaribu tena, taratibu, ulimi nje, king'ora chake mwenyewe akiwa amekisahau. Akaunti ikajifunga.

Jambo asilolijua lilikuwa hili. Fundi hakati kipande kwa kipimo kamili. Huacha ziada pembeni, ya kuingia ndani ya mshono. Mafundi wale walikuwa wameikata nywila yao vivyo hivyo, kila kipande na herufi zake za ziada, za kupunguzwa wakati wa kuunganisha. Hawakumficha. Haikuwapitia tu akilini kwamba yuko mtu mzima asiyejua hilo.

Simu ya Vyeti ikalia. "Mshauri, mbio!" alipiga kelele Mwenyekiti. "Leo tumevamiwa kweli!"

Mtu mwenye akili angekwenda kituo cha basi. Vyeti alikuwa na akili nyingi mno. Akaunti iliyofungwa lazima ifunguliwe, aliwaza, na ataitwa nani kuifungua? Akavuka barabara akitabasamu.

Cherehani zote tisa zilikuwa kimya. Katibu alisimama kando ya meza, na Mwenyekiti alikuwa amemnyooshea mkono akidai funguo za ofisi.

"Mshauri, hatutakuchosha," alisema Mwenyekiti. "Vipande tulikuwa navyo watu watatu. Mimi na Babu tulikuwa hapa, mimi nakata kola, yeye anashona vifungo. Huyu alikuwa nje, eti ananunua uzi."

"Nilinunua, shangazi. Huu hapa."

"Nyamaza!"

"Na Mshauri je?" aliuliza Babu Vifungo. "Naye si tulimnong'oneza?"

"Babu! Mshauri ana mihuri miwili. Huyu ana nini?" Mwenyekiti alimgeukia Vyeti. "Wewe itikia kwa kichwa tu kwamba ni yeye. Nitamfukuza leo hii, halafu utatuwekea nywila mpya mwenyewe, nzima, bila vipande."

Akiba ya miaka sita ilikuwa umbali wa kuinamisha kidevu mara moja.

Katibu hakulia. "Waambie tu, Mshauri," alisema. "Umenifundisha mwenyewe, unajua siwezi kuiba." Kisha akaliona jasho kwenye paji la uso wa Vyeti. "Tumbo tena? Nikuletee maji moto?"

Vyeti alifungua kinywa. "Uchunguzi wa awali," alianza, "unaonyesha mwingiliano wa… wa kimfumo…" Mafundi waliitikia kwa adabu, wakasubiri. Katibu aliziweka funguo kwenye kiganja cha shangazi yake, moja baada ya nyingine.

"Mrudishie," alisema Vyeti.

"Nini?"

"Mrudishie funguo zake. Ni mimi. Sina cheti cha kweli hata kimoja. Nilikuja kuwaibia."

Babu Vifungo alikata uzi kwa meno, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani ni mtu tusiyemjua."