Flashi Tatu za Kumwokoa Peres

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Mvua! Wiki jana ilinyesha mpaka mtandao ukapotea siku nzima, na fundi Peres akasahaulika kule bondeni. Peres hasikii. Habari zake zote huja kwa meseji. Siku hiyo hakuna meseji iliyoingia, na maji yalimkuta akishona yunifomu za watoto. Yalikuwa magotini alipoinua kichwa.

Leo jioni, mkutano kanisani. Mwalimu Philister, mwenyekiti wa kikundi cha wenye ulemavu, alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mbele akasema jambo hilo halitarudiwa. Anatafuta mratibu wa majanga. Mratibu atavaa jaketi la reflekta, lile linalong'aa gizani! La manjano! Limetolewa na mama mmoja wa Kitisuru aliyemaliza kujenga.

Jaketi hilo lazima liwe langu. Muuza makava ya simu kama mimi hapa Dagoretti Corner hasalimiwi na mtu. Mwenye reflekta husalimiwa hata na polisi.

Niliuliza kama asiye na ulemavu anaruhusiwa. Mwalimu akasema kikundi kimezoea kuvumilia.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata! Flashi! Nampigia Peres, simu inatetemeka mfukoni mwake, nakata. Flashi moja, mawingu. Mbili, jiandae. Tatu, toka mbio! Na flashi haili kredo, salio linabaki palepale. Kitu kisichokula kredo kitahitaji mtandao wa nini?

Nilimweleza Dalmas, jirani yangu wa kibanda, mwenye simu ya jamii, ile ya kupiga kwa kulipia. Dalmas haoni, lakini mdomo wake unaona kila kitu. Aliniuliza flashi hupitia wapi. Nikamwambia ana wivu, flashi zitamuulia biashara. Alicheka mpaka mteja akakata simu.

Alhamisi, 9 Novemba

Siku kubwa. Niliazima tai. Nilieleza mpango wangu kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia, hata kwangu mwenyewe. Mwalimu akauliza mtandao ukipotea itakuwaje. Nikarudia, polepole, kwamba flashi haili kredo. Watu wakainamisha vichwa. Nafikiri waliguswa.

Peres akaongea kwa mikono, wote wakacheka. Nikaomba tafsiri. Mwalimu akasema Peres anaona jaketi litanikaa vizuri.

Kisha Dalmas, bila aibu, akaleta kamba ya kuanikia nguo! Yeye anaishi juu kwenye ploti ileile, Peres chini. Kamba itoke mlangoni kwake hadi kwenye pazia la Peres. Akivuta, pazia linaruka, Peres anaona. Peres akivuta, sufuria inagonga mlango wa Dalmas. Na kila mtu awe na jirani wa kumjia mlangoni kwa miguu. Kwa miguu! Karne hii!

Walipitisha kamba. Lakini jaketi nimepewa mimi! Mwalimu alisema nina miguu miwili mizima na ni vizuri ifanye kazi. Kazi yangu ni moja: mvua ikianza, niende mlangoni kwa Peres nimtoe. Akayarudia maneno hayo mara kadhaa, kama anaongea na mtoto. Sawa tu. Leo nalala na jaketi.

Jumamosi, 11 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilishuka mjini kuchapisha kadi za kujitambulisha. Mratibu hana kadi? Nilipotokea tu na jaketi, wachuuzi wakapiga kelele kanjo, kanjo, wakidhani mimi ni askari wa jiji, wakakunja bidhaa wakatoroka. Mama mmoja alinirushia nyanya. Heshima ya namna yake.

Mchana, mvua. Si mvua, ni ndoo. Nikamflashi Peres. Kimya. Nikaflashi tena. Mtandao haupo! Nikaflashi mara ya tatu kwa nguvu, nimebonyeza mpaka kidole kikauma. Hapo ndipo nikakumbuka. Peres yuko bondeni, na mtu wa kumtoa ni mimi, na mimi niko mjini na kadi.

Nilikimbia Ngong Road nzima, nikitembea palipokuwa na kilima. Giza lilikuwa linaingia nilipofika. Maji yalikuwa yamefika dirishani kwa Peres. Haki niliogopa. Niliingia nikiita jina lake kwa sauti yote, mtu asiyesikia! Chumba kitupu. Cherehani haipo. Nikajua imechukuliwa na maji, na yeye pia. Nililia. Kisha nikateleza, mguu ukakwama kwenye kitanda, maji yakanifika kifuani. Nikashika pazia. Halafu kamba. Nikavuta kwa roho yangu yote.

Sufuria ikasikika huko juu.

Dalmas akaja akifuata kamba kwa mkono, gizani, wala hakujikwaa. Akanichomoa kwa kola ya jaketi. Peres alikuwa kwake tangu tone la kwanza. Dalmas alisikia mvua ikianza, akavuta, pazia likaruka, wakapandisha cherehani pamoja. Nilimkuta Peres anakunywa chai. Aliponiona ninavyotetemeka, akanipa kikombe chake. Dalmas akaniuliza kama nilileta ile flashi au iko njiani.

Jumapili, 12 Novemba

Jaketi amepewa Dalmas. Mbele ya kanisa lote! Peres mwenyewe amelipunguza mabega limkae. Dalmas akaniuliza linang'aa kiasi gani. Nikamwambia haling'ai hata kidogo, limefifia.

Peres yuko salama na nimemshukuru Mungu, tena kwa dhati. Lakini nimekaa nikafikiria kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Laini! Kampuni moja ya simu haitoshi kwa majanga. Nimenunua laini ya kampuni ile nyingine. Sasa ni flashi sita. Nani atazizuia?

Nimemflashi Mwalimu Philister anipigie nimweleze. Hajapiga. Nimemflashi kwa laini ya pili. Hajapiga.

Bila shaka mtandao umepotea tena.