Mzee Aondolewe Darasa la Nne

Ekalakala,
14 Juni 1999

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Gikonyo,

Pokea salamu zangu, mimi mama yake Kalekye wa darasa la nne. Nyumbani sisi wote tuko wazima isipokuwa yeye, na hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Nilifika darasa la tano tu, kwa hivyo ukiona kosa la kuandika, lisamehe. Haya mengine nitakayotaja usiyasamehe.

Unajua Kalekye anachokozwa na Mutua, mtoto wa kaka ya bwana yangu, ambaye wanasoma darasa moja. Lakini kuna jambo hujaelezwa. Kama kwenu Murang'a, sisi pia tunarudisha majina ya wazee kwa wajukuu. Mutua amerudisha jina la baba mkwe wangu, na Kalekye jina la mama mkwe. Hao wazee walikuwa bwana na bibi, na tuliwazika wote wawili. Sasa shule yako nzima inasema hawa watoto wa miaka tisa ni bwana na bibi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiangazi hiki kila mtoto huja shuleni na jerikeni ya maji. Kalekye hubeba mbili, kwa sababu ati mzee habebi maji. Muthokoi ya mahindi na maharagwe ninayompikia na kumwekea kwenye mkebe, mzee ndiye hula kwanza. Yeye hubaki kukwangua.

2. Jumatano huyo mzee alimchapa kwa fimbo kwa sababu hicho chakula kilikuwa baridi. Darasa lote likapiga makofi. Mtoto wangu alirudi na sikio limevimba kama andazi. Alipomwambia mwalimu wa zamu, mwalimu akauliza kama mahari imeisha. Nimeshukuru kujua kwamba walimu wako wanapenda mzaha. Nilikuwa nadhani wanapenda watoto.

3. Nilipeleka neno kwa familia. Mama yake Mutua aliniambia niwaache wazee wagombane, wamezoea. Bwana yangu, akiwa amekuja mwisho wa mwezi kutoka kazi yake ya simiti huko Athi River, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Ni mimi nilikuwa namwosha mama mkwe mgongo alipokuwa mgonjwa, na kila alama niliiona. Siku hizo pia watu walisema hayo ni mambo ya bwana na bibi.

4. Wewe mwenyewe uliniambia mzazi mwenye busara huketi na mchokozi akamwongelesha kwa upole. Asante kwa hiyo. Sisi Wakamba tuko na nthoni, yaani heshima ya mtu na mkwe wake. Hilo jina la baba mkwe mimi siwezi kulitamka. Hapa nimeliandika kwa sababu kalamu haina mdomo. Nikikutana na mwenye jina njiani, mimi ndiye napisha. Mama wa miaka thelathini na tatu, na mzigo wa kuni mgongoni, naingia kwenye miiba ili mtoto wa makamasi apite. Naye ameshagundua. Siku hizi ananiona kwa mbali anasimama katikati ya njia, anangoja.

5. Kalekye anaumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Jumamosi huwa amepona. Juzi nilikuta amefuta jina lake kwenye daftari akaandika Kinsi, ambaye ni binti ya Nur mwenye duka. Nilipouliza sababu, alisema Kinsi hana bwana.

Kwa hivyo naomba hivi. Ikiwa huyo ni mzee kweli, mtoe darasa la nne. Mzee wa miaka sabini na nane si wa kubanwa dawatini na watoto akifundishwa kuzidisha. Mpe kiti chake kwenye ofisi ya walimu. Mpe na chai, na ikiwa baridi achague ni mwalimu gani atamchapa, nanyi wengine mpige makofi. Halafu Agosti umpe ruhusa aje kwenye mkutano wa ukoo, atuonyeshe vile alisogeza mpaka wa shamba, maana alikufa kabla ya kueleza na kesi bado iko.

Na ikiwa ni mtoto, aadhibiwe kama mtoto. Chagua moja, Mwalimu. Mtu hawezi kuwa mzee wakati wa kupiga, halafu awe mtoto wakati wa kuulizwa.

Nisalimie mama watoto, na walimu wote, hata yule wa zamu. Msalimie sana mlinzi wa geti, ambaye peke yake ameniuliza mtoto anaendeleaje.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Ndinda, mama Kalekye

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Kalekye akaingia akiimba. Leo amemsukuma huyo kijana kwenye shimo la mbolea la klabu ya kilimo ya 4K, kijana akazama mpaka kiunoni, naye Kalekye akamkataza kutoka mpaka amalize kuomba msamaha. Mama yake Mutua anakuja kwako kesho asubuhi kulalamika. Tafadhali hayo nimeandika hapo juu yaache. Mweleze kwa upole kwamba hayo ni mambo ya bwana na bibi na shule haiingilii. Mama mkwe wangu amengoja siku hii tangu kabla wewe hujazaliwa.