Kompyuta Iliyosimama Kichwa Chini

Asali alikuwa ameshalipita lile duka la kuchapa na kutoa kopi kwa hatua nne hivi. Miguu yake ilitaka kuendelea, macho yakagoma. Akarudi kinyumenyume, akachungulia dirishani.

Hakuwa anaota. Juu ya meza, kioo cha kompyuta kilikuwa kimesimama kichwa chini, mguu juu. Kilikuwa kimebanwa na rimu mbili za karatasi, kimefungwa kamba kwenye msumari wa ukutani, na ule mguu wake uliokuwa hewani ulikuwa umetundikwa kofia. Mbele yake mama mmoja mwenye miwani minene alikuwa anapiga chapa kwa kasi ya mvua ya mawe, bila wasiwasi.

Asali aliweka mkono kifuani. Wapo watu wakiona upinde wa mvua humshukuru Mola. Yeye alishukuru kwa hili.

Jina lake la kuzaliwa alilijua dada yake, na siku hizo hata dada alilitaja kama anayetema kokwa. Mtaani walimwita Asali, na si kwa utamu wa maneno peke yake: aliyemgusa alibaki ananata. Aliwahi kuuza maji ya kuondoa vitambi, akauza na viwanja ambavyo wanunuzi waliambiwa wavisubiri vikauke. Kwenye kompyuta aliingia mwezi ule tu, baada ya kugundua kwamba ukizima na kuwasha unaitwa fundi, na ukizima na kuwasha huku umekunja uso unaitwa mtaalamu.

Na siku ile alikuwa amebanwa. Alikuwa analala sebuleni kwa dada, mwaka wa pili huo, na mpwa wake alikuwa anaanza chuo kesho yake. Jana mezani, kwa kujitutumua tu, alimwahidi msichana kompyuta mpya. Dada aliweka kijiko chini taratibu.

"Umeahidi wewe, sikukutuma mimi. Kesho jioni uje na hiyo kompyuta. Ukija na maneno, mlango huu umechoka kukufungukia."

Ndiyo maana macho yake, baada ya kushiba kile kioo kilichopinduka, yalishuka chini ya meza na kutua kwenye katoni. Kompyuta mpya kabisa, ya kubebeka, utepe wake haujaguswa. Asali akapangusa viatu kwa nyuma ya suruali, akaingia.

"Hodi wenyewe! Nani amekata roho humu?"

Mwenye duka aliinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kopi. Alikuwa mzee mfupi, mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Watu walimwita Mzee Kopi, na mkewe, yule wa miwani, Mama Chapa.

"Hajafa mtu," alisema Mzee Kopi. "Kwani vipi?"

"Nimepita nikaona mgonjwa yuko kichwa chini. Mimi ni daktari wa mashine, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Aa, hiyo? Hiyo nimeshaitengeneza." Mzee alivimba kidogo. "Nilipewa programu ya bure ya kuongeza kasi mara kumi. Nikaiweka, ikasema inataka kujisasisha, nikakubali. Kuamka, maandishi yote miguu juu! Basi nikafikiri: maandishi yakipinduka, nawe pindua kioo. Sasa inasomeka vizuri kabisa."

"Isipokuwa inaanguka," alisema Mama Chapa bila kuacha kuchapa.

"Imeanguka mara mbili tu."

"Na ya tatu ilimwangukia mteja."

Asali alitikisa kichwa kwa majonzi ya mtu aliyefika msibani akakuta chakula kimeisha. "Mzee, kabla hujakubali, ulisoma masharti?"

"Nani anasoma masharti?"

"Ndiyo hapo! Lile sasisho si la kwetu. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa upande wa chini wa dunia. Kule wao wako hivi." Akageuza kiganja. "Kwao kichwa chini ndiyo wima."

Mzee Kopi alikaa. "Na mimi nimekubali," alinong'ona.

"Umekubali, tena kwa hiari yako. Lakini usihofu. Mama, nipishe hapo kidogo."

Asali alitoa leso kubwa mfukoni, akaifunika kibodi, maana dawa, alieleza, haitakiwi kuonwa na mwenye mgonjwa. Akaingiza mikono chini ya leso. Akafumba macho, akatetemeka mabega, akataja maneno saba yasiyokuwemo katika lugha yoyote. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya vioo vilivyopinduka: kuna vitufe vitatu ambavyo, kwenye baadhi ya mashine, huigeuza picha, na fundi mmoja mlevi alimfundisha kwa bakuli la supu. Mama Chapa, aliyekuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, aliinamisha sikio kidogo, kama kuku aliyesikia punje ikidondoka.

Picha ikapinduka. Mzee Kopi akapiga ukemi.

"Umeiharibu! Imerudi kichwa chini!"

"Mzee, kioo ndicho kiko kichwa chini. Kisimamishe kwa mguu wake."

Wakafungua kamba, wakaondoa kofia na rimu, wakakisimamisha. Maandishi yakakaa wima, yametulia kama watoto wa mwalimu mkuu. Mzee Kopi alitaka kumbusu daktari, wino na yote. Asali alimkwepa kwa adabu, akageuka ghafla, akaitazama ile katoni kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akarudi nyuma hatua mbili, leso puani.

"Na hiyo? Ilikuwa hapo hapo sasisho lilipoingia?"

"Ilikuwepo. Lakini imefungwa! Haijaona hata umeme!"

"Homa ya sasisho haibishi hodi kwenye utepe, mzee wangu. Chini ya meza ya mgonjwa? Hiyo imeshaambukizwa. Ukiifungua leo, kesho unaandika kwa kusimama kwa kichwa, wewe mwenyewe." Akapumua. "Dawa yake ni karantini. Siku saba, chumba chenye giza, isifunguliwe na mtu. Anayeifungua kabla ya siku, ugonjwa unamrukia yeye. Mimi ninacho chumba. Sitaki malipo. Roho yangu tu ndiyo itakayoniuma nikiiacha."

Mzee Kopi alikuwa ameshaanza kuivuta katoni. Alikuwa mtu wa kupenda vya bure, na tiba ya bure ya kompyuta mbili ilimtosha asiulize zaidi. Lakini Mama Chapa akaweka mguu juu ya katoni.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "Mungu akuzidishie. Ila hatutakupa mgonjwa akiwa uchi hivi barabarani, si atawaambukiza wapita njia? Mzee ataifunga vizuri kwa blanketi na kamba huko nyuma. Saa kumi itakuwa tayari. Na wewe wakati unasubiri, majirani wana vilio vyao. Tangu hayo masasisho yaanze mtaa mzima haulali. Au una haraka?"

Angesema ana haraka ya nini? Daktari asiye na malipo hana haraka. Asali alitabasamu huku ameuma meno. "Mimi ni mtumishi wa watu, mama."

"Nilijua tu." Akatoka kibarazani, akaita mara moja, na sauti ya mwanamke aliyeishi miaka thelathini karibu na mashine ya kopi si sauti ya mchezo.

Walikuja. Fundi cherehani alikuja na kompyuta ndani ya mfuko wa nguo: ameweka programu ya vipimo, sasa herufi zote zinatoka za lugha asiyoijua. Mwenye duka la dawa alikuja: amesasisha, sauti imekufa. Mwalimu wa udereva alikuja ameikumbatia yake kama mtoto mwenye degedege, waya unaburuta nyuma, macho mekundu.

"Imeandika 'usizime'," alisema. "Tangu Jumatatu. Sijaizima, daktari. Nalala nayo. Umeme ukiyumba nami nayumba."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Asali, ambaye maishani hajawahi kumhurumia mtu bure, alisikia kitu kikimgusa. "Izime, baba."

"Imesema nisizime!"

"Mimi nasema izime. Lawama juu yangu."

Mwalimu alifumba macho, akashikwa bega na fundi cherehani, wakazima. Kimya. Wakawasha. Ilipowaka salama salimini watu walipiga makofi, na mwalimu akalala palepale kwenye benchi akiwa ameketi.

Ya mwenye duka la dawa, Asali aliinyanyua tu ili aikunjie uso; kijiti cha spika za masikioni kilichosahauliwa kwenye tundu kikachomoka, na wimbo ukalipuka ukawashtua njiwa wa paa la jirani. Makofi tena. Ya fundi cherehani ilimtoa jasho. Alizima, akawasha, akasubiri, akakunja uso mpaka ukamuuma. Mwisho ikabidi afanye jambo la aibu, kusoma kilichoandikwa pale kwenye kioo. Kumbe palikuwa na mahali pa kuchagua lugha. Alikuwa hajui.

"Kumbe we ni hodari," Mama Chapa alimwambia, akimwekea maji ya kunywa. "Nilidhani ni wale wasanii."

"Wapo wengi, mama. Wanatuharibia jina."

Saa tano, saba, tisa. Foleni ilipinda kona. Kila alipochungulia nyuma ya pazia alimwona Mzee Kopi akiwa amepiga magoti anakaza kamba, naye akatulia. Mgongo ulimuuma, tumbo lilinguruma, na kifuani mlikuwa na joto fulani geni, ambalo alilitafsiri kuwa kiungulia. Watu walikuwa wanamshukuru. Wengine walimshika mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi halali tangu azaliwe, na hakuna aliyemtahadharisha.

Saa kumi alikabidhiwa mzigo, umeviringishwa blanketi, kamba huku na huku. Mzito barabara.

"Siku saba," alisema Mzee Kopi kwa sauti ya kuapisha. "Isifunguliwe."

"Mtu asiguse," alisema Asali, na alipokata kona akakimbia.

Dada alimfungulia mlango nusu. Alipouona mzigo, akaufungua wote. Mpwa aliruka, akamkumbatia mjomba, akaleta kisu. Kamba, blanketi, utepe, kifuniko. Ndani mlikuwa na rimu za kopi zilizoharibika: barua za maombi, matangazo ya vyumba, kadi za mwaliko, zote zimechapwa kichwa chini.

Msichana hakulia. Alisema tu, "Asante, mjomba," taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Dada alinyoosha kidole kuelekea nje.

Asali alirudi dukani akihema, katoni kichwani, hasira zikimtangulia. Foleni bado ilikuwepo. Kwenye meza, pembeni ya kioo cha zamani, kompyuta mpya ilikuwa imefunguliwa, inang'aa, na Mama Chapa anaichapia.

"Mmeniibia!" alifoka Asali. "Mmenipa makaratasi!"

Mama Chapa alishusha miwani. "Makaratasi gani, mwanangu?"

"Yaliyomo humu!"

"Humu wapi?"

"Humu kwenye..." Alikuwa ameshaliona shimo, ila miguu yote miwili ilikuwa ndani.

"Jamani!" Mama Chapa aliwageukia watu wa foleni. "Daktari alituambia mgonjwa asifunguliwe siku saba. Sasa yeye amejuaje kilichomo?"

"Ameifungua!" Mzee Kopi aliruka nyuma ya mashine ya kopi. Asali hakujua kama mzee anaigiza au anaamini, na mpaka leo hajui. "Ugonjwa umemrukia! Alisema mwenyewe! Msimwache aingie mtaani!"

Mwalimu wa udereva, aliyeamka kwa kelele, alisimama mlangoni. Alikuwa na deni la shukrani na mwili wa kulilipa. "Daktari," alisema kwa huruma, "lawama juu yangu. Hutoki."

Mama Chapa akamvuta Asali kando, akashusha sauti.

"Miaka thelathini napiga chapa macho yakiwa kwenye barua ya mtu. Vitufe siviangalii, navisikia. Viwili vya kushoto na mshale mmoja upande wa kulia, kwa pigo moja. Ulipotoka kunawa mikono nikamwonyesha mzee: juu, chini, juu, chini. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli kwa kukumbuka alivyohangaika na kamba na rimu." Akapangusa miwani. "Wewe ni mwongo, lakini leo umetengeneza mashine kumi na tisa. Hao wote wameahidi kuchapa kwangu. Sasa chagua: nikuitie watu wa usalama, au ukae karantini yako hapa siku saba, unahudumia foleni."

"Nina mpwa wangu, mama," alisema Asali, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na sukari. "Anaanza chuo kesho. Nilimwahidi."

Mama Chapa alirudisha miwani usoni. "Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli, na mimi mwenyewe nashangaa."

Kabla hajajibiwa, watu wa foleni walipisha njia. Dada alikuwa amefika, amekuja kulirudisha blanketi la watu, na godoro la kaka yake liko kichwani. Mpwa alikuwa nyuma na mto. Walisimuliwa yote, na dada alisikiliza kama hakimu aliyekwishaandika hukumu nyumbani.

"Siku saba?" alisema. "Mama, hizo chache. Mfanyie miezi mitatu."

"Na binti aje kila jioni kuandika kazi zake kwenye hii mpya," alisema Mama Chapa. "Mjomba wake anamlipia kwa jasho."

Msichana akasogea, akabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta mpya kwa ncha ya kidole, akatabasamu. Asali alifungua mdomo ajitetee, akakuta hana uongo wa kutosha.

Godoro likawekwa kati ya mashine ya kopi na rundo la karatasi. Mama Chapa alilipima kwa macho, kisha akamsogelea dada, mwanamke kwa mwanamke.

"Niambie ukweli, mwanangu. Anakoroma?"

"Anakoroma, mama," alisema dada, akishika njia. "Na ukimsikiliza vizuri, hata akikoroma anaahidi."